Kocha mpya wa Gor Mahia: tumsubiri mpaka lini, na tumpime kwa kipimo gani?

Jirani wa Mamboleo (Kisumu)

Wana K'Ogalo wenzangu, yaani mashabiki wa Gor Mahia, pamoja na mashemeji, wapinzani wetu wa jadi wa upande wa Ingwe (AFC Leopards) mnaosoma haya, nawasalimu.

Msimu wa 2024/25 ulituacha mikono mitupu. Ligi ilichukuliwa na Kenya Police, ambao hawakuwa wamewahi kuitwaa, na katika fainali ya Kombe la FKF (shirikisho la soka la Kenya) tulifungwa mabao mawili kwa moja na Nairobi United, timu iliyokuwa ikicheza ligi ya daraja la chini. Barani, Al Ahly ya Misri ilikuwa imekwisha kututoa mapema katika Ligi ya Mabingwa. Benchi la kiufundi nalo lilipita mikononi mwa watu watatu ndani ya msimu huo mmoja: Leonardo Neiva wa Brazil, Zedekiah Otieno aliyeshikilia kwa muda, na hatimaye Sinisa Mihić wa Croatia. Kwa msimu wa 2025/26 kazi amekabidhiwa Charles Akonnor wa Ghana, nahodha wa zamani wa timu ya taifa lake, aliyecheza kwa miaka mingi Wolfsburg ya Ujerumani, akaifikisha Asante Kotoko katika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2019, kisha akaifundisha Ghana kuanzia Januari 2020 hadi Septemba 2021.

Tangu habari hizo zitoke, hapa Kisumu sijaingia kwa kinyozi wala kusimama kituo cha bodaboda bila kukuta Akonnor akijadiliwa. Wapo wanaosema tutachukua ligi kabla ya msimu kufika nusu. Wapo wanaosema hatafika Krismasi. Jambo la ajabu ni kwamba kambi hizi mbili zinatumia ushahidi uleule, yaani jina lake na wasifu wake, wala hakuna anayezungumzia kikosi atakachokikuta mazoezini.

Kwa hiyo swali langu si kama Akonnor ni kocha mzuri, kwa sababu hilo tutaliona wenyewe. Nauliza hivi: shabiki mwenye busara amsubiri kocha wa kujenga upya timu mpaka lini kabla ya kumhukumu, na wakati anamsubiri atazame nini uwanjani ili ajue kama kazi inakwenda au haiendi? Kufikia mwisho wa msimu wa 2024/25 klabu yetu ilikuwa na mataji 21 ya ligi, na mtu aliyezoea ubingwa huiona nafasi ya pili kuwa msiba. Nisingependa tumfukuze mtu kwa sababu ya msiba wa namna hiyo, lakini pia nisingependa tukae kimya huku timu ikizama kwa kisingizio cha subira.

Babu wa Kibuye (Kisumu)

Mwanangu wa Mamboleo, umeuliza jambo ambalo wenzetu wa rika langu tulilibishania kabla hujazaliwa, nami nitalijibu kwa kurudi nyuma kidogo.

Gor Mahia iliundwa Februari 1968 na mwaka huo huo ikachukua ligi. Mimi naamini hapo ndipo tabia yetu ilipoanzia: tulionja ubingwa kabla hatujajua taabu ya kuutafuta, na tangu wakati huo tumeuchukulia kuwa haki yetu ya kuzaliwa. Mwaka 1976 tulimaliza ligi bila kufungwa hata mara moja, na kiburi kikaongezeka. Bara halikutupa zawadi kwa haraka hiyo. Mwaka 1979 tulifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika, na Canon ya Yaoundé ikatufunga mawili hapa kwetu na sita kule kwao. Jumla ni manane kwa bila, na hatukupata hata la kufutia machozi. Ilipita miaka minane kabla ya 1987, tulipokwenda Tunis kwa fainali ya kombe hilohilo tukatoka sare ya mawili kwa mawili na Espérance, tukarudi uwanja wa Kasarani, Nairobi, tukatoka sare ya bao moja kwa moja, na kombe likabaki Kenya kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la CAF, shirikisho la soka la Afrika, tangu hapo. Nilikuwepo Kasarani siku hiyo, ila sitaisimulia, kwa sababu wajukuu wangu wamekwisha kuichoka.

Ninachotaka mkitazame zaidi ni kile kiangazi cha 1995 hadi 2013, miaka 18 bila ligi. Zdravko Logarušić, Mkroati yule mkali, alipoichukua timu mwaka 2012 ilikuwa imeanza msimu vibaya. Aliinyanyua hadi ikawania ubingwa siku ya mwisho ya ligi, ukatuponyoka ukaenda kwa klabu ya Tusker. Katikati ya msimu wa 2013 akaondoka, akaja Bobby Williamson wa Uskoti, na miezi michache baadaye kombe likarudi. Mwulize kijana yeyote wa Kisumu ni nani aliyemaliza ukame ule, naye atakutajia Williamson bila kusita. Simnyimi Williamson haki yake, maana kupokea timu ya mtu katikati ya safari na kuifikisha salama ni kazi ya ufundi. Lakini timu ile, ukali wake wa kukaba, na imani yake kwamba inaweza kumfunga yeyote, vilianzia kwa mtangulizi wake. Tangu hapo nimekuwa na mazoea ya kuuliza, kila tunapobeba kombe, nani aliyelima na nani aliyevuna.

Kwa hiyo kipimo changu hakiko katika jedwali la ligi kwa miezi ya mwanzo. Tazama kwanza mabeki wanne na kiungo mkabaji: je, ni walewale kutoka wiki hadi wiki, au kila Jumapili ni sura mpya? Kocha anayejenga huanza nyuma, na akishawapata watu wake hawagusi isipokuwa kwa jeraha au kadi. Pili, tazama timu inafanya nini ikifungwa bao la mapema. Timu isiyo na mafunzo huanza kurusha mipira mirefu kila mtu akitaka kuwa shujaa, ilhali timu iliyofundishwa hurudia ileile kazi iliyokuwa ikiifanya. Mambo hayo mawili utayaona kufikia mechi ya nane au ya kumi, hata kama matokeo bado yanayumba. Ukiyaona, subiri msimu mzima na nusu ya unaofuata. Usipoyaona, hata mkiwa juu ya jedwali, jueni ni bahati.

Kijani wa Kondele

Babu, heshima yako naitunza, ila historia uliyoichagua inasimulia nusu tu ya mambo.

Frank Nuttall alimpokea Williamson mwaka 2014 akachukua ligi mwaka huo, na 2015 akaichukua tena bila kupoteza mechi. Dylan Kerr aliingia katikati ya mwaka 2017 akabeba ligi mwaka huo huo. Hassan Oktay aliichukua, Steven Polack akaichukua, na Johnathan McKinstry alipokuja mwaka 2022 alitwaa ubingwa katika msimu wake wa kwanza, kisha akaurudia. Hao ni makocha watano waliofaulu bila kuomba miaka mitatu ya kujenga. Gor Mahia si klabu ya kijijini inayotafuta kusalia ligini. Wachezaji bora wa nchi hii wanataka kuvaa jezi ya kijani, na kocha anayejua kazi hahitaji karne kuwapanga.

Ligi ina mechi 34. Mzunguko wa kwanza ukiisha, tumecheza 17 na tumekutana na kila timu. Ikiwa wakati huo tuko nyuma ya kinara kwa pointi kumi, sitahitaji kuangalia mabeki wala viungo, nitakuwa nimekwisha kuelewa. Na wale wanaotaja Ghana kama mfano wa hasara ya kukosa subira wakumbuke hadithi yote. Ni kweli kwamba Akonnor alifukuzwa Septemba 2021 baada ya kufungwa na Afrika Kusini, na kwamba Milovan Rajevac aliyemfuata aliishia kufungwa na Comoros na kutolewa katika makundi ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Lakini walipombadilisha huyo naye, Otto Addo aliitoa Nigeria na kuipeleka Ghana katika Kombe la Dunia la 2022 huko Qatar. Mabadiliko ya kwanza hayakusaidia, ya pili yalisaidia. Kwa nini tujifunge mikono?

Chui wa Lurambi (Kakamega)

Mashemeji, nimesoma kwa utulivu, na kama mnaruhusu mtu wa Ingwe kusema, nitasema kwa uchungu wa mwenyewe.

Shemeji wa Kondele, hiyo orodha yako ya makocha watano ni ya kweli, lakini hukuwataja wachezaji waliowakuta. Kerr aliwakuta Meddie Kagere, Jacques Tuyisenge, Godfrey Walusimbi na Harun Shakava, na kwa safu hiyo hata mimi ningeshawishika kujaribu ukocha. Mti wa matunda ulikuwa umesimama tayari. Kisha mkaanza kuukata tawi baada ya tawi: Kagere alikwenda Simba mwaka 2018, Walusimbi akaenda Kaizer Chiefs, Tuyisenge akaelekea Angola mwaka 2019, Francis Kahata naye akamfuata Kagere Dar es Salaam. Oktay na Polack walibeba ligi kwa kilichosalia, na ilipofika 2021 Tusker wakawapokonya. Hapakuwa na siri yoyote hapo. Kwa hiyo unapouliza kama Akonnor atafanya alichofanya Kerr, uliza kwanza kama amekuta kikosi alichokikuta Kerr.

Sasa sikilizeni yetu. Sisi tulichukua ligi mara ya mwisho mwaka 1998. Katikati hapo tulishuka hata daraja, tukarudi mwaka 2009, na tangu tuliporudi tumebadilisha makocha kwa kasi ambayo hata sisi wenyewe hatuwezi kuwataja wote bila kukoseana. Kati ya 2018 na 2019 pekee tulimwona Rodolfo Zapata wa Argentina, kisha Nikola Kavazović wa Serbia aliyekaa wiki chache tu, kisha Marko Vasiljević, kisha Casa Mbungo wa Rwanda. Kila mmoja alikuja na mfumo wake na orodha yake ya wachezaji anaowataka. Aliyetakiwa na Zapata hakutakiwa na Vasiljević, naye alikuwa na mkataba, na mkataba ukivunjwa bila malipo unaishia FIFA. Baadaye FIFA ilitufungia kusajili kwa sababu ya madeni ya watu waliokwisha kuondoka. Watu hudhani gharama ya kumfukuza kocha ni mshahara wake tu, kumbe ni pamoja na wachezaji wote aliowaleta na wote atakaowakataa mrithi wake.

Na nitawaambia lililonishangaza. Kipindi ambacho mimi binafsi niliiona Ingwe ikicheza mpira wa maana ni kile cha Patrick Aussems, 2021 hadi 2023, ambaye kwa sehemu ya kipindi chake alifundisha tukiwa tumefungiwa usajili. Hakuwa na la kufanya ila kuwapa nafasi vijana. Hatukubeba kitu, lakini ukienda uwanja wa Bukhungu kuwatazama ulijua unatazama timu. Ni aibu kwamba ilitubidi tuadhibiwe ndipo tutulie na kocha mmoja kwa muda.

Mfunza Vijana (Nakuru)

Mimi nafundisha vijana wa chini ya miaka 17 hapa Nakuru, na si shabiki wa Gor wala wa Ingwe, kwa hiyo mnaweza kunisikiliza bila hofu. Naona mnajadili kocha kana kwamba ndiye anayeiendesha klabu.

Hapa Nakuru tuliishi na Ulinzi Stars kwa miaka mingi walipokuwa wakitumia uwanja wa Afraha. Walichukua ligi 2003, 2004, 2005 na tena 2010, bila mchezaji wa kigeni hata mmoja, kwa sababu wachezaji wao ni wanajeshi. Nilikuwa nikienda kutazama mazoezi yao. Haikuwa timu yenye vipaji kuwashinda nyinyi. Walichokuwa nacho ni kwamba mchezaji alijua mwisho wa mwezi mshahara upo, alijua atalala wapi, na alijua mwakani atakuwa hapohapo. Kocha wa timu kama hiyo anaweza kupanga mazoezi ya wiki sita mbele. Kocha ambaye wachezaji wake hawajalipwa hupanga ya kesho tu, kwa sababu hajui nani atafika.

Gor wanajua ninachosema. Mdhamini wao SportPesa alipojiondoa mwaka 2019, klabu ilitetereka hadi wachezaji wakawa wanacheza kwa moyo tu. Na mwaka 2023, baada ya McKinstry kuwapa ubingwa, hamkucheza Ligi ya Mabingwa Afrika, kwa sababu klabu haikutimiza masharti ya leseni ya CAF. Fikirini kocha anavyojisikia. Amemaliza kazi, amekabidhi kombe, kisha anaambiwa tuzo yake imezuiwa na makaratasi na madeni ambayo yeye hakuyafanya. Aliongeza ubingwa mwingine wa 2023/24 kisha akaenda kuifundisha Gambia, na sikumlaumu.

Kwa hiyo jibu langu kwa Jirani wa Mamboleo ni kwamba vipimo vya mwanzo visielekezwe kwa Akonnor. Viongozi waulizwe mambo ambayo yana majibu ya ndiyo au la. Je, wachezaji wapya waliosajiliwa aliwachagua yeye, au aliwakuta wamekwisha kutia saini? Je, mishahara ya miezi mitatu ya kwanza imelipwa kwa wakati? Je, kuna uwanja mmoja wa mazoezi, au timu inahamahama? Hili la mwisho watu hulipuuza. Viwanja vya Kasarani na Nyayo vilipofungwa kwa ukarabati wa kuandaa CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, klabu kubwa zilizunguka na mechi zao kama wageni, na Afraha yetu hapa nayo ilikaa katika ujenzi kwa miaka. Timu isiyo na nyasi zake haiwezi kucheza pasi fupi hata ikifundishwa na malaika, kwa sababu mpira unadunda tofauti kila wiki.

Nanyi mashabiki mna sehemu yenu. Gor na Ingwe ni klabu za wanachama na hutegemea mapato ya langoni, lakini siku ya mechi ya mashemeji, yaani Gor dhidi ya Ingwe, kuna watu wengi wanaoingia kwa kujuana na mlinzi, au kwa kusukuma lango. Kisha fujo zikitokea, klabu inatozwa faini au inaamriwa kucheza bila mashabiki. Fedha hiyo ndiyo mshahara wa kiungo mkabaji ambaye Babu anataka awe yuleyule kila wiki.

Kijani wa Kondele

Mwalimu wa Nakuru, hoja ya mishahara naikubali bila mabishano, wala sijui nani angeipinga. Ila naomba tusiifanye kinga ya kudumu. Kila kocha aliyeshindwa hapa Kenya amesema hakulipwa, na baadhi yao walisema kweli, na wengine walikuwa hawajui kupanga timu. Ikiwa wachezaji wamelipwa na bado hatufungi mabao, tutamtaja nani?

Na Babu, mechi kumi za kutazama mabeki wako nakupa. Nilikuwa nimepanga sita.

Babu wa Kibuye (Kisumu)

Kijani, ukilipwa na bado hufungi, basi hapo mtaje kocha kwa jina lake kamili, nami nitakuunga mkono. Shida ni kwamba tumekuwa tukilitaja kabla ya sharti la kwanza kutimia.

Nimwongezee shemeji wa Lurambi jambo moja. Ule uwezo wa kuwapa vijana nafasi haukuwa wa Ingwe peke yenu. Tazameni CHAN ya Agosti 2025: Kenya iliifunga Morocco, ikaifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa bao la Austin Odhiambo wa Gor, ikaongoza kundi na kufika robo fainali, yote kwa wachezaji wa ligi za nyumbani. Wachezaji tunao. Hofu yangu ni kwamba baada ya kuonekana namna hiyo wataitwa na klabu za nje, na Akonnor atajikuta akijenga nyumba huku mafundi wakiondoka na matofali. Kocha mpya akituomba tumwachie hao vijana msimu mmoja tu, viongozi wamsikilize kabla hawajahesabu pesa za uhamisho.

Jirani wa Mamboleo (Kisumu)

Nawashukuru nyote, na wewe shemeji wa Kakamega kwa namna ya pekee, kwa sababu si rahisi kuandika kuhusu 1998 mbele ya watu wa Gor.

Nimeyachukua yaliyosemwa, na katika mkutano ujao wa tawi letu nitaomba mambo mawili yaandikwe kwenye ajenda. La kwanza ni maswali ya mwalimu wa Nakuru, yaelekezwe kwa ofisi ya klabu kwa maandishi na kuombewa majibu kwa maandishi, hasa lile la nani aliyechagua wachezaji wapya, ambalo naona ndilo litakalotuambia kama Akonnor ameajiriwa kujenga au ameajiriwa kulaumiwa. La pili ni kwamba tawi lisitoe tamko lolote kuhusu kocha kabla ya mzunguko wa kwanza kuisha, na wakati huo tuketi tukiwa na orodha ya mabeki waliocheza kila mechi, kama Babu alivyoshauri, pamoja na jedwali, kama Kijani anavyotaka. Mwenye muda wa kuiandika orodha hiyo wiki kwa wiki ajitokeze, maana mimi Jumapili nyingine huwa kazini.

Kijani, je, nikuandike wewe?

Kijani wa Kondele

Niandike. Lakini mechi ya mashemeji iwe na safu yake peke yake, kwa sababu hiyo sitaingojea mzunguko uishe.